Kitabu Alichonyimwa Mama Wabiwa

Mama anayetunza maktaba ya parokia hapa Baraka hampi msomaji kitabu kabla ya kumtazama usoni. Hupangusa jalada kwa kiganja, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Unataka ya kutunga ao ya kweli?" Wavuvi wa Swima yeye huwapa riwaya za kuchekesha. Vidole vyake vina gundi kavu daima, kwa kuwa kila siku hubandika kurasa zilizochanika.

Mama Wabiwa, aliyekimbia kutoka kijiji cha Lweba peke yake, alikuja mara tatu kuomba kitabu cha ushuhuda wa vita vya huku kwetu. Mara tatu akapewa riwaya ya mapenzi. Mimi ninayemsaidia kupanga vitabu, mtunza maktaba aliniambia sababu: katika orodha ya waliouawa iliyo ndani ya kitabu hicho alikuwa ameliona jina la Mulondani, mume ambaye Wabiwa alikuwa akimngojea kwa mwaka wa nne. Mara ya nne Wabiwa hakuondoka.

"Dada, bitabu byako biko tamu. Lakini mi nataka ile ya kweli."

Mtunza maktaba alifunga mlango, akaketi naye kwenye benchi, akafungua kitabu, kisha akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Bwana yangu iko mule, sivyo?" Wabiwa akauliza. "Mi nilijua tangu ulianza kunificha."

"Iko, dada yangu."

Wabiwa akakisogelea kitabu.

"Jina yake, baliandika muzuri?"

"Baliandika muzuri."

"Basi, nionyeshe."