Lugha Niliyomkataza Bibi

Rafiki yangu, wiki iliyopita nilikuwa Gisenyi, nikapita Mbugangari kwa miguu. Ule uwanja wa nyumba za kupanga nilimokulia umewekewa geti la chuma na kuta zimepakwa rangi ya kijivu. Geti lilikuwa wazi kidogo, na ndani nikamwona mama kijana akimwogesha mtoto mchanga kwenye beseni la plastiki. Alikuwa peke yake. Simu aliiegemeza kwenye ndoo, inaimba katuni za Kiingereza, na mtoto analia kwa nguvu zake zote. Nikasimama pale kama mtu aliyepotea njia, machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Yule mama akaniangalia kwa wasiwasi, nikaona aibu, nikaenda zangu.

Zamani mtoto hakuogeshwa hivyo katika uwanja ule. Tulikuwa vyumba sita vikizunguka bomba moja, na chini palijaa vile vijiwe vyeusi vya volkano vinavyochoma nyayo. Gisenyi na Goma, kwa sisi tuliokulia pale, ni mji mmoja mkubwa ambao mtu aliupitishia kizuizi cha mpaka katikati, Gisenyi kwa Wanyarwanda, Goma kwa Wakongomani, na uwanja wetu ulikuwa na watu wa pande zote. Mwenye nyumba alitoka Busasamana, naye ni Kinyarwanda kitupu. Muuza maharage alikuja kutoka Masisi na Kihunde chake. Muuza makaa alikuwa Mnande. Chumba cha mwisho kulikuwa na mama aliyerudi kutoka Tanzania, anayesema Kiswahili cha redio, "tafadhali" na "samahani" kila hatua, na sisi watoto tulimwigiza mpaka tukachapwa. Jioni sambaza, vile visamaki vya ziwani, zinakaangwa, majani ya sombe yanatwangwa, na kila mama anamgombeza mtoto wake kwa lugha aliyogombezwa nayo yeye. Kiswahili ndicho kilikuwa uwanja wa wote, wanakanyaga humo wanavyoweza.

Sasa sikia desturi yao. Akizaliwa mtoto, mama yake hakumwogesha mpaka siku arobaini ziishe. Wanawake wa uwanja walipokezana, leo huyu, kesho yule. Kila mmoja, akimmwagia mtoto maji ya uvuguvugu, alimsemesha kwa lugha ya mama yake mwenyewe tangu kichwani mpaka miguuni. Walisema wanamfungua masikio. Mtoto wa Mbugangari alimaliza arobaini akiwa ameambiwa "pole" na "ukue" kwa lugha sita, na mimi ni mmoja wao, ingawa sikubaki na hata moja ya kuringia.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa Mhavu wa kisiwa cha Ijwi. Alivuka ziwa akiwa msichana, akaolewa na babu, fundi cherehani wa Kiislamu aliyekuwa akishona kwenye baraza karibu na msikiti. Mimi babu sikumkuta. Bibi alisilimu, akajifunza Kiswahili cha watu wa mtaa, halafu Kinyarwanda, na vyote viwili alivitumia kwa kubana. Maneno matatu, manne, basi. "Kula." "Funga mulango." "Imeisha." Sisi tulidhani ndivyo alivyo, mtu mkimya. Siku ya Jumanne tu ndiyo ilikuwa tofauti, siku ya mama mananasi. Huyo alikuwa Mhavu mwenzake, anakuja na karai la mananasi ya Ijwi kichwani, na akishauza anaingia nyuma ya jiko kukaa na bibi. Hapo utasikia Kihavu kinavyokimbia, na vicheko mpaka sufuria zinatikisika. Mimi nilijua mwenye vituko ni mama mananasi.

Nikiwa na miaka tisa, shule yetu iliita wazazi waje kuona madaftari. Mama alikuwa kwao Rugerero kuvuna viazi, akaja bibi, kitenge kimepigwa pasi, viatu vya Idi miguuni. Getini akakutana na mwanamke wa Ijwi ambaye hawakuwa wameonana tangu usichana. Mungu wangu! Walishikana, wakarukaruka, wakapiga kelele za furaha kwa Kihavu mbele ya shule nzima. Hata mwalimu alitoka darasani kuangalia. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Wiki nzima wenzangu walinifuata wakibwabwaja maneno yasiyo na maana, wakiniita Mkongomani, wakiniuliza kama nyumbani tunaongea na samaki.

Ijumaa nikamkuta bibi anachambua maharage kwenye ungo. Sikukaa. Nikamwambia, "Bibi, usiseme tena ile lugha yako mahali mi niko. Wananicheka."

Akaniangalia kidogo tu. Mikono yake haikuacha maharage. "Bon, sawa," akasema. "Imeisha, mama."

Alikuwa akiniita mama, kwa mapenzi, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Mimi nikaenda kucheza kamba. Nilikuwa nimeshinda, na nakuambia ukweli, niliona raha.

Tangu siku ile, Jumanne nikitokea nyuma ya jiko, mazungumzo yanakatika. Mama mananasi ananiangalia, bibi anainama kuchochea moto. Nilizoea. Nikaja kuona kuwa ni jambo la kawaida, watu wazima wananyamaza mtoto anapoingia, siyo?

Mwaka uliofuata akazaliwa mdogo wangu wa kiume. Zamu ya bibi ilipofika, mimi ndiye niliyeshika taulo. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye vibao wakimenya ndizi, wanangoja kusikia. Bibi alimkunja mtoto kwenye mkono wake wa kushoto, akamwagia maji, akamsugua shingo, akamnyoosha vidole kimoja kimoja. Hakusema neno.

"We, mama, mbona kimya leo?" akauliza muuza maharage. "Fungua mutoto masikio!"

"Niko na kifua," bibi akajibu.

Muuza maharage akamwangalia bibi, akaniangalia mimi na taulo langu, kisha akaendelea na ndizi zake. Mdogo wangu alimaliza arobaini na lugha tano. Mimi nilijua kifua hakimuumi. Nilijua, na nikakaa kimya na mimi.

Miaka ikaenda. Baba, aliyekuwa akikielewa Kihavu kidogo, alitangulia mbele ya haki. Mama mananasi naye akafa huko Goma, na bibi akawa hana wa kuongea naye. Wapangaji wakahama mmoja mmoja, na mwenye nyumba akauza, ikabidi mama ampeleke bibi kwenye nyumba ndogo upande wa Rugerero. Mimi niko Kigali nashona sare za shule. Nilikuwa nikimpigia simu bibi kila Ijumaa. "Uko salama?" "Niko." "Umekula?" "Nimekula." Dakika moja imeisha, na mimi najiona mjukuu mwema.

Mwaka jana mama akanipigia: bibi ameanguka. Nilipofika alikuwa kitandani, upande mmoja umelala, na maneno yamerudi, lakini yamerudi Kihavu peke yake. Kiswahili hakipo, Kinyarwanda hakipo. Mama akimwambia "mama, kunywa maji", anamtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini anaongea, rafiki yangu! Yule mtu wa maneno matatu alikuwa anaongea asubuhi mpaka jioni. Baadhi ya maneno yalikuwa ndugu na Kinyarwanda, nikawa nalikamata moja, linalofuata linaniponyoka.

Nilizunguka kumtafuta mtu wa kunitafsiria. Mbugangari sikukuta hata mpangaji mmoja wa zamani. Siku hizo mpaka ulikuwa umefungwa, na simu za upande wa pili hazikupatikana. Hebu fikiri: Goma yote ile, Wahavu wamejaa, naweza kuona mabati ya nyumba zao, na siwezi kumleta hata mmoja. Mama akasema labda anataka kuombewa. Mimi nikadhani anatuaga, au kuna mtu anataka aitwe. Ikawa inaniuma sana kwamba bibi anaomba kitu na sisi tumekaa tunamtolea macho. Siku ya pili mchana nikaiweka simu dirishani irekodi, nikaenda jikoni kumpikia uji wa mtama, nikijipa moyo kuwa kesho nitapata mtu. Alfajiri ya siku iliyofuata bibi akakata roho.

Mazishini kila aliyesimama alisema lile lile: alikuwa mama mpole, hakuwa na maneno mengi.

Mpaka ulipofunguliwa nilishuka hadi kizuizi kidogo, pale wanawake wanapopanga foleni na makarai yao. Nikawa nauliza, simu mkononi, nani anajua Kihavu anisikilizie maneno ya bibi yangu? Mama mmoja mwenye karai la nyanya akanyoosha mkono. "Mi ni mutu wa Ijwi. Leta."

Akaibana simu sikioni kwa sababu ya kelele. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia wosia. Badala yake yule mama akaanza kutabasamu, halafu akacheka, akajipiga paja, nyanya mbili zikaanguka.

"Ee Mungu! Koko yako, huyu bibi, iko muchekeshaji, we! Anamuambia rafiki yake vile bwana yake alikuja kumuposa. Fundi wa nguo, donc, basi, amejishonea suruali mupya, mguu moja murefu, ingine mufupi. Mama wa musichana akamuuliza: we bwana, unaishaka kwa mulima, mguu moja juu, ingine chini?"

Nikacheka na mimi, hata kabla sijaelewa kilichonipata. Nilikuwa namcheka babu nisiyemkuta, kwa mdomo wa bibi ambaye katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisimulia hadithi hata moja. Nilikaa naye nyumba moja miaka kumi na nane, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kunichekesha.

Nikaomba aendelee. Akasikiliza, bado anatabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Hapa anasema: nyamaza kwanza, mutoto anakuja." Akangoja kidogo. "Halafu kuko sauti ya mutu anasema bibi, uji ni huu. Kisha hakuna kitu tena. Mutoto gani huyo?"

Nikamwambia ni mimi. Alinirudishia simu, akaokota nyanya zake, akazifuta kwenye kitenge, na foleni ikasogea.

Watu hunipa pole, wananiambia ulikuwa mtoto, hukujua. Nashukuru. Ila nilichosema siku ile ya maharage mimi nilikisahau kabla sijafika darasa la sita, na yeye hakukisahau. Jina langu lilimtoka. Kiswahili cha miaka sitini kilimtoka chote. Nyumba, mtaa, hata mama aliyekuwa akimlisha, vyote vilimtoka, na kati ya mambo yote ya dunia hii alibaki na katazo langu, akalitii mgonjwa, kitandani, nusu ya mwili imekufa. Mama mananasi wake alikuwa amemjia, wamekaa tena nyuma ya jiko, hadithi imenoga, na ndiyo kwanza wamefika kwenye suruali. Najua ilikuwa na mwisho. Ningejua, ningebaki jikoni na uji ule mpaka upoe.