Taa ya Siku Thelathini na Tano

Ngadiyo alilima viazi kwenye miteremko ya nyanda za juu za Dieng, ambako mwezi wa Julai baridi huunguza majani ya viazi hadi yawe meusi. Kijiji kizima kilimjua kwa jambo moja: hakuvumilia taa inayowaka bure. Akipita akaona taa ya barazani kwa mtu inawaka mchana, aliingia akaizima bila kubisha hodi.

"Basi kazime na jua, mzee mwenzangu," jirani yake Kasmo alimwambia. "Linawaka tangu asubuhi."

"Jua halinipigii kelele ukutani," Ngadiyo akajibu. Alimaanisha mita, ambayo hulia kila umeme ulionunuliwa unapokaribia kwisha.

Na hakukosea. Alipotoa balbu zake za zamani akaweka za LED, mita ilianza kulia mara chache zaidi, na waliomcheka wakamwiga mmoja mmoja, Kasmo akiwamo. Kubana matumizi ni wema. Ubaya ulianzia pale alipodhani kwamba kwa kuwa ameshinda hoja hiyo, hana tena haja ya kuuliza.

Mwaka huo binti yake Wiji, ambaye mumewe alikuwa kazini kisiwa cha mbali cha Kalimantan, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kiume, kilo mbili kasoro. Siku aliporudishwa nyumbani, mkunga Bi Harsini alimlaza ndani ya sanduku la mbao na kuning'iniza juu yake balbu ya zamani ya wati arobaini.

"Taa hii isizimike mpaka atimize siku thelathini na tano," alisema, akapanda pikipiki yake. Mzazi mwingine alikuwa akimngoja.

Kwetu, kondo la mtoto huhesabiwa kuwa ndugu yake; huzikwa kando ya mlango, na juu yake huwashwa taa kwa siku hizo hizo thelathini na tano. Ngadiyo aliposikia idadi hiyo akaona ameelewa: ni mila, na mila inataka mwanga.

Siku ya tisa alirudi kutoka sokoni na balbu mbili za LED. Alibadilisha ile ya nje, iliyowashwa juu ya kondo, kisha akaingia ndani akabadilisha ya sandukuni. Wiji alikuwa kitandani, ameshikwa na homa.

"Baba, hata hiyo? Bi Harsini alisema isizimike."

"Kwani nimeizima? Tazama, inang'aa kuliko ile. Ile ilikuwa inakula umeme na kutoa joto tu."

Alfajiri barafu ilikuwa imetanda shambani. Wiji alipomgusa mwanawe, akapiga yowe. Bi Harsini alifika upesi. Alitia mkono sandukuni, kisha akaigusa balbu.

"Nani kabadilisha?"

"Mimi," Ngadiyo akasema. "Lakini haijazimika hata dakika moja."

"Mzee wangu, mtoto huyu alikuwa na haja gani ya mwanga?"

Mtoto alifia njiani kuelekea hospitali, kifuani mwa mama yake.

Simwondolei mkunga lawama. Neno moja, joto, lingetosha, na yeye mwenyewe alilikiri hilo huku akilia. Wala simwondolei Ngadiyo. Aliulizwa mbele ya sanduku, akajibu kabla ya kufikiri.

Baada ya mazishi aliitoa LED ya mlangoni, akaweka pale juu ya kondo ile balbu ya wati arobaini ya sandukuni. Iliwaka mchana na usiku. Kasmo alipita, akaiona inawaka juani, akainamisha kichwa na kwenda zake.

Siku ya kumi na nne tangu mtoto azaliwe, mita ililia. Ngadiyo alikuwa amechuchumaa mlangoni, viganja vyake akivikinga juu ya ule udongo kama anayeota moto. Wiji alitoka ndani.

"Zima, baba. Huyo wa humo chini hasikii baridi."

Hakuinuka. Wiji akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe.