Damu Ambayo Mzee Rudia Hakuirudisha

Wauguzi walimbandika jina la Mzee Rudia, na lilimkaa. Miaka ishirini na sita pale maabara, damu ikiletwa chembe zake zimepasuka, maji yake ya juu yamegeuka mekundu, aliitupa bila kupepesa macho. "Karudie! Damu hii inapandisha namba bure!" alifoka, na muuguzi akaondoka amenuna.

Kisha mkewe akapata kiharusi. Wodini damu ilipimwa kutabiri nani atainuka tena, na mwenye matumaini ndiye aliyepewa mazoezi, kwa kuwa mtaalamu wa viungo alikuwa mmoja tu. Mzee Rudia alimtoa mkewe damu mwenyewe. Mshipa ulimponyoka mara tatu, mama wa watu akalia kwa nusu mdomo. Maji ya juu ya damu ile yalikuwa mekundu. Aliyaona. Akakosa moyo wa kumchoma tena, akaitia mashineni.

Namba ilitoka juu, yaani ubongo umeharibika vibaya. Mazoezi akapewa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Leo mgonjwa huyo hupita nje ya dirisha lao kwa miguu yake. Mke wa Mzee Rudia hugeuzwa kama gunia.

"Baba, kile kipimo kilikuwa sawa kweli?" binti yao huuliza.

"Mwanangu, si unanijua? Damu mbovu mimi sipokei."

Kitandani mkewe, ambaye ulimi wake haujarudi, humkazia macho mpaka atoke chumbani.