Supu ya Mwani kwa Mama Yake Emi

Hapana, Kijapani sipiki tena, na wala msinitazame hivyo, sasa nacheka lakini aibu niliyoipata siku ile sebuleni kwangu, humu humu Ilford, huku ughaibuni, hata adui yangu simuombei. Salum, mjukuu wangu, kampenda mtoto wa Kijapani, Emi, na mama yake Emi kapanda ndege kuja kututazama, atukubali au amchukue mwanawe arudi naye kwao. Salum akanambia (yule naye husema kama kaziba pua), "Bibi, please, pika biriani tu." Nikamwambia hata, mgeni atapikiwa cha kwao.

Emi alikuwa kashanionesha supu yao, na mwani mkavu kaniletea. "Bibi, usioshe. Maji yakitaka kuchemka, toa." Kisauti chembamba, utadhani anambembeleza mtoto alale. Sasa mimi mtu wa Pemba, mwani nimeulima, nimeuuza, nimetengenezea sabuni, leo niule na vumbi lake jeupe? Nikausugua kwa brashi. Na supu gani isiyochemka? Nikaichemsha kama ya kwato za ng'ombe, tokea asubuhi mpaka adhuhuri, mwani ukafura ukajaa sufuria, ukatoa utelezi kuliko bamia, nikatia ndimu kuukata, ikawa chachu, nikatia tui, tui likakatika mapande mapande, nikatia pilipili (ya nini, sijui mpaka leo).

Wakaja. Mama kainama, nami nikainama, kainama tena, nami tena, mpaka kiuno kikaniuma. Tukakaa. Nikachota upawa wa kwanza, basi mwani ukaniponyoka, mrefu kama mkanda wa suruali, ukamlalia mapajani, kwenye sketi yake nyeupe. Salum kafumba macho. Yule mama wala hakuutoa, kashika bakuli lake kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akalimeza kwa taabu, machozi yanamlengalenga, nami moyoni nasema haya, mjukuu wangu nshamharibia.

Akamnong'oneza mwanawe, kirefu. Emi, na Kiswahili chake kile kichache kisichojua kuremba, akanigeukia na neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka napumua:

"Mama anasema harusi sawa. Ila Bibi asipike."