Githeri Isiyo na Chumvi

Shuleni kwetu Mweiga kila mtoto huleta kikombe cha mahindi na maharagwe siku ya Jumatatu, ya kupikia githeri ya wiki nzima. Desturi hiyo niliikuta, nami nilipaswa kuikumbuka kabla ya kuanza ujanja wangu.

Ujanja wenyewe ulikuwa huu. Watoto wangu wa chekechea walikuwa wamechoka na ubao, na mimi nilikuwa nimechoka kuwatazama wakipiga miayo. Basi nikamwambia kila mmoja alete konzi ya mahindi na maharagwe ya kusomea. Tulipanga punje kwenye masinia kwa maumbo ya herufi, irabu kwa mahindi, konsonanti kwa maharagwe, kila mtoto akifuata herufi kwa kidole huku akitoa sauti yake. Kelele zake! Nilifurahi kama mtoto.

Mmoja tu ndiye ambaye hakutoa sauti. Alikuwa msichana wa miaka sita aliyelelewa na nyanya yake, na punje zake alizipanga vizuri kuliko wote, kimya kabisa. Alikuwa amesharudia chekechea mara moja. Mwalimu mkuu alisema atamjaribu Ijumaa, na akishindwa atarudia tena, safari hii dawati moja na mdogo wake. Nyanya alinifuata hadi getini.

"Mwalimu, huyu mtoto si mjinga. Ni aibu tu iko na yeye."

Alhamisi jioni msichana alipanga kwenye sinia maneno matano niliyokuwa nimewafundisha. Nililiacha mezani ili mwalimu mkuu alione kesho yake, nikasahau kuwa darasa letu ndilo chumba cha kulia pia. Ijumaa asubuhi nikakuta sinia tupu, limeoshwa na kung'aa. Mpishi alikuwa ameyatia yote kwenye sufuria.

"Hukuona hayo ni maneno?" nilimfokea.

"Mimi niliona chakula, mwalimu. Mtoto akileta mahindi na maharagwe hapa, hiyo ni githeri. Ama siku hizi inaitwa aje?"

Hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Nilimwambia mambo ambayo mpaka leo naona haya kuyarudia, naye akarudi jikoni.

Mwalimu mkuu aliingia muda mfupi kabla ya chakula. Aliandika neno ubaoni, msichana akatazama viatu vyake. Akamwomba ataje neno lolote apendalo. Kimya.

"Basi tule kwanza," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia nyanya.

Sahani zikaletwa. Msichana alionja kijiko kimoja, akakunja uso, akasukuma sahani kando. Kisha akaanza kuchagua punje, bado zikitoa mvuke, na kuzipanga juu ya meza. Maharagwe, halafu mahindi, halafu maharagwe tena. Nilidhani anaandika mama, neno lake la kila siku.

Aliandika chumvi.

Neno hilo sikuwahi kulifundisha. Mwalimu mkuu aliinama akalisoma, akaonja githeri yake mwenyewe.

"Ni kweli, haina hata kidogo. Nani alikufundisha kuandika hii?"

"Hakuna mtu," msichana alinong'ona. "Nimesikiza tu sauti zake mdomoni."

"Huyu anaenda gredi ya kwanza," mwalimu mkuu alisema, na akatoka mwenyewe kutafuta chumvi.

Nilitaka kuruka. Badala yake nilikimbilia jikoni kuomba radhi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshapita huko na mpishi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Miaka yote sijawahi kusahau chumvi," alisema. "Ni vile ulinipigia kelele asubuhi, nikachanganyikiwa."

Nilimwomba msamaha. Kisha nikamkumbatia nikimshukuru kwa kusahau, naye akanitazama kama anayeona nimerukwa na akili.