Kiraka cha Chandarua

Juzi, sokoni Mbalizi, niliona wavu mdogo wa kuvulia samaki wa tangi la kioo. Ulikuwa na kiraka, na muuzaji akautajia bei kana kwamba kiraka ni pambo. Niliunusa kabla ya kubishana naye, ukanuka dawa ya mbu, na hamu ya kubishana ikaniisha.

Shangazi yangu wa Ipogolo alifuga samaki sebuleni. Mchana mmoja alikata kipande cha chandarua kipya chenye dawa, akaushonea wavu wake uliotoboka, kisha uzi akaukata kwa meno. Nesi alituambia shuleni kwamba dawa ile inaua.

“Shangazi, tema!”

“Niteme nini, wewe? Inaua mbu. Mimi mbu?”

Akauzamisha wavu tangini, akaopoa uchafu, akajilaza mkekani. Nilikaa kando yake nikihesabu pumzi zake, kisha nikizihesabu upya. Alipokawia kuvuta hewa, nami nilibana yangu.

Sasa najua dawa ile haimuui mtu kwa kukata uzi. Shangazi aliamka mzima, akapiga miayo. Nikamkumbatia. Yeye alikuwa anatazama nyuma yangu, tangini, ambako samaki wote walielea matumbo juu.