Ngazi za Ofisi ya Kurasini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tuliposimama chini ya ngazi kule Kurasini, watu wazima na akili zetu, tukijadili namna ya kumpandisha binti mmoja ghorofani.

Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, nikajishikiza kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kupokea simu na kupanga zamu za malori. Binti huyo, Zuhura wa Temeke, alikuja na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono. Ofisi ilikuwa juu, kwa hiyo tukamfanyia usaili uani, katikati ya makontena. Simu tatu zilipigwa kwa mpigo, akazimudu zote, na akamtuliza dereva mmoja mkorofi kabla sijajua anadai nini.

“Kazi unaiweza, dada,” alisema bosi wetu, Bwana Kimaro. “Ishu ni ngazi.”

Wapakiaji waliokuwa wakisikiliza wakajitolea papo hapo. “Sista, usiwaze! Sie tupo. Asubuhi tunakupandisha, jioni tunakushusha.”

Zuhura akawatazama. “Ahsanteni kaka zangu. Na nikibanwa haja saa nne? Na siku mkigombana na bosi nami nimeshapanda, nani atanishusha?”

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitaka ile kazi, na aliona inaanza kumponyoka mikononi mwa watu wema kabisa.

Nami nikaona wakati wangu umefika. Nikakohoa kisomi, nikaeleza kwamba sheria ya watu wenye ulemavu inakataza mwajiri kumkataa mtu kwa sababu ya ulemavu wake, na inamtaka aiweke sehemu ya kazi imfae. Niliyasoma hayo kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kujiuliza yanafananaje yakiwa na matofali na saruji.

“Sasa hiyo sheria yako itatujengea lifti?” Bwana Kimaro akauliza. Mtihani haukufika huko.

Ndipo Mzee Chande, aliyekuwa na kampuni tangu ianze, akauliza kwa upole, kama mtu anayetafuta miwani yake: “Samahani bosi. Hivi sie kule juu tulifuata nini?”

Tukatazamana.

“Upepo,” alisema Bwana Kimaro.

“Madirisha tunayafunga kwa ajili ya kiyoyozi,” Mzee Chande akamkumbusha.

Hakuna aliyejua, mwanangu. Chini palikuwa na chumba kikubwa chenye mlango mpana, tulichowapangisha wapangaji wetu, matairi mabovu na friji iliyokufa, wakati madereva wakipanda na kushuka siku nzima kufuata saini.

Tulihamia chini wiki hiyohiyo. Choo cha chini kilipanuliwa mlango, kizingiti kikasawazishwa kwa saruji. Zuhura alianza Jumatatu, na kufikia Ijumaa alikuwa anamfokea dereva kama mzaliwa wa bandarini. Bwana Kimaro, ambaye goti lilikuwa likimsumbua kimyakimya, hakupanda tena ghorofani.

Nimeendelea kulitafakari jambo hilo tangu siku ile. Wale wapakiaji walikuwa na moyo mzuri kuliko sisi wote, lakini moyo wao ungemfanya Zuhura awe mzigo mmoja zaidi wa kubeba kila siku. Sheria haikumwomba yeyote ambebe. Ilituelekeza tukitazame kile tulichokiweka njiani.

Basi mwanangu, siku ukiwa na nafasi ya kuajiri, usiulize kwanza mtu huyu ataingiaje. Uliza nani aliweka ngazi pale, na kwa nini. Na ukiwa wewe ndiye unayezuiwa, usione haya kudai mlango, hata kama wapo wanaokupenda na mabega yao yako tayari.

Mungu akujalie kazi unayoifikia mwenyewe. Na siku akikuketisha juu, akupe wepesi wa kushuka.